Saa Kwanza, Cheti Baadaye

Wadogo zetu mlioingia kiwandani, tusikilizane. Kila laini mpya ikiwashwa mambo ni yaleyale: skada (mfumo wa kompyuta wa kusimamia mitambo) haiungani na PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine), kijana anahangaika dakika kumi, kisha anashusha usalama wa OPC UA (lugha ya mawasiliano kati yao) hadi None, yaani bila ulinzi, "kwa muda tu." Muda huo huwa hauishi.

1. Saa. Hapa tumeungua wengi, basi tukae kidogo. Cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali ambacho skada na PLC huoneshana kabla ya kuungana, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. PLC iliyokaa stoo hadi batri ikafa huamka ikidhani ni miaka ya nyuma kabisa, pengine 1970. Ipe cheti kilichotolewa leo: kwake bado hakijazaliwa, inakikataa. Logi inaandika BadCertificateTimeInvalid, ila opereta anaona tu kwamba mawasiliano yamekatika, na fundi anaanza kubadilisha kebo! Baya zaidi ni kuiacha PLC hiyo ijitengenezee cheti. Itakipa tarehe za kale. Ukija kurekebisha saa, cheti kimeisha papo hapo. Kwa hiyo washa NTP (huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao), seva yake iwe ndani ya mtandao wa kiwanda, soma saa kwenye PLC yenyewe (si kwenye laptopu yako), ndipo utoe cheti. Tarehe ya kuisha iandike kwenye ratiba ya matengenezo, kando ya grisi na mikanda. Muunganisho ulio hewani unaweza kuendelea hata cheti kikiisha, halafu umeme ukatike usiku wa Jumapili, laini isirudi.

2. URI ya programu (jina lake la kipekee) ndani ya cheti ilingane herufi kwa herufi na ile inayotangazwa na seva. Ukinakili mradi wa PLC moja kwenye nyingine tatu, usibebe na ufunguo wa siri (faili inayothibitisha kuwa cheti ni cha kifaa hicho). Ukivuja mmoja, zimevuja zote nne.

3. Cheti kikitua kwenye folda ya vilivyokataliwa, linganisha hashi yake (alama yake ya kidole) na ile iliyo kwenye kifaa chenyewe kabla ya kukihamisha. "Kubali vyote" si kitufe chako.

4. Kwenye sera za usimbaji (kuficha ujumbe) za OPC UA, Basic128Rsa15 imestaafu, anza na Basic256Sha256. Modbus (lugha nyingine ya vifaa vya kiwandani) ya bandari 502 haisimbi chochote, ifiche nyuma ya geti (kifaa cha kati) linalosimba.

5. Na ufunguo wa chuma je? Kwenye shambulio la programu hasidi ya Triton, Saudi Arabia, 2017, swichi ya ufunguo ya kidhibiti cha usalama (kinachozima mtambo hatari ikitokea) ilikuwa imeachwa kwenye PROGRAM, hali inayoruhusu programu yake kubadilishwa. Ukimaliza kupakia, rudisha RUN, chomoa ufunguo, mkabidhi msimamizi wa zamu.