Waranti imeisha, trekta limekufa, na mdogo wangu hanisemeshi

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mdogo wangu tulichanga akiba tukanunua trekta jipya. Waranti ilikuwa miezi 12 au saa 1,000 za kazi, chochote kitakachotangulia. Kwenye saa 1,090 giaboksi ikaleta balaa: gia ya tatu inachomoka. Wakala anataka tubadilishe giaboksi nzima, na bei yake inakaribia nusu ya tulichonunulia trekta. Ilianza kulia tangu sevisi ya saa 750, nikamwambia fundi wao, akasema itazoea. Mdogo wangu anadai nimeliua kwa kulima kwa fujo. Anataka tuliuze hivyo hivyo, mnunuzi atajijua. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na pole. Jambo lenye hela umelitaja kama la kupita tu: gia ililia kwenye saa 750. Siku hiyo, kama miezi 12 ilikuwa haijapita, waranti ilikuwa bado hai! Basi kabla ya kuuliza mtapata wapi fedha, niambie, yule fundi aliandika? Katafute karatasi ya sevisi ile, usome hadi mwandiko wa pembeni. Hata "kelele gia 3" inatosha kuanzia. Kama hakuandika, pekua meseji mlizotumiana. Halafu andika barua, simu achana nazo, na nakala iende kiwandani, maana kwa kawaida waranti hutolewa na kiwanda, wakala ni mlango tu. Wakikataa kata kata, waombe watoe spea, ninyi mlipe ufundi. Hawalazimiki, ila wapo wanaokubali.

Wakati mnasubiri jibu, fundi wa pembeni asiguse kitu. Watasema yeye ndiye aliyeharibu.

Na msilipie giaboksi ambayo haijafunguliwa. Gia kuchomoka huenda ni uma wa gia (kile chuma kinachoisukuma gia iingie) uliopinda au springi ya kuishikilia iliyochoka, na hivyo havifiki bei ya giaboksi. Fundi wa wakala aje amwage oili kwenye beseni safi mkiona. Boliti ya kumwagia mara nyingi ina sumaku. Ikiwa na tope laini la kijivu, huo ni ulaji wa kawaida. Ikiwa na vipande unavyoweza kuvibandua kwa kucha, huenda meno yamevunjika, na hapo ndipo mzungumzie bei kubwa. Anayetaja bei ya giaboksi nzima bila kulegeza hata nati moja simwamini, hata ovaroli yake iwe na nembo.

Kuhusu kuliuza kimya kimya, hapana. Mkitaka kuuza, uzeni kwa bei ya trekta bovu, mseme ni bovu.

Ila nawe jipime. Kama ulikuwa unalima huku mguu umeegemea klachi, au ukibadili gia kabla hujaikanyaga hadi chini, mwambie mdogo wako mapema, asije akalisikia kwa fundi. Hamjasemeshana wiki ngapi? Siku ya kumwaga oili, mwite yeye ndiye ashike beseni.