Gego limemegeka upande, kwa nini nivishwe krauni badala ya kuzibwa tu?

Swali: Dokta habari, gego langu la chini lilitibiwa mzizi mwaka jana likazibwa, juzi natafuna likamegeka upande wa ulimi. Daktari anataka kulichonga anivishe krauni, si linazibika tu jamani? Na mbona anachonga hadi upande mzima?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Gego lililotibiwa mzizi limeshatobolewa katikati, kuta zimebaki nyembamba, na kila ukitafuna zinasukumwa kwenda nje kama gogo lililopigwa kabari, ndo maana lako limemegeka na huku limezibwa vizuri tu. Krauni, yaani ile kofia ya jino, inalivaa jino lote inazibana hizo kuta pamoja, ndo maana anachonga hadi pembeni, sasa isipochongewa nafasi hapo juu, kama milimita 1.5 hadi 2 kutegemea imetengenezwa na nini, litakuwa refu kuliko wenzake na mzigo wote wa kung'ata litabeba lenyewe.

Mimi wasiwasi wangu uko pale lilipomegekea. Muulize daktari sehemu ya jino isiyoharibika imebaki kiasi gani juu ya fizi, tunapenda tupate walau milimita 2 kuzunguka pande zote ili krauni iwe na pa kushika. Kama mpasuko umeshuka mpaka kwenye mzizi, hata krauni ya zirkonia, ile ngumu sana, haitaliokoa, na nisingependa utoe hela yako halafu jino ling'olewe, kwa hiyo hilo limalizwe kabla hajashika mashine.

Ukivalishwa krauni ya muda wakati unasubiri ya kudumu, uzi wa meno uchomoe kwa pembeni, usiuvute kwenda juu. Ikitoka rudi kwa daktari, usiibandike na supa gluu tafadhali!! Siku ya kubandika ya kudumu utang'ata karatasi ya rangi aone inapogusa, lakini kama una ganzi mdomoni unaweza kusema "iko sawa" kumbe unang'ata vibaya, ukifika nyumbani ukaona hilo jino linatangulia kugusa, rudi ikapunguzwe, usikae ukisubiri kuizoea.

Halafu krauni yenyewe haiozi ila jino lililo chini yake linaoza, linaanzia pale ukingoni karibu na fizi, piga mswaki hapo hapo kila siku. Na kwa kuwa neva ilishatolewa gego lako halitakuuma likianza kuoza, kwa hiyo ukienda kuchekiwa mwambie akukague ukingo wa krauni, na akiona inafaa akupige eksirei.