Maswali ya Wasomaji: Fungu, sado na fedha za chakula zinazoisha tarehe 20

SWALI: Mpendwa Mshauri, nimehamia Dar es Salaam na mume wangu na watoto wetu wawili tukitokea Nakuru, na huu ni mwezi wa nne tunaishi Kimara. Mchele, unga, mafuta na nyama nanunua supamaketi, kwa sababu huko bei zimeandikwa na hakuna anayenishangaa nikifungua mdomo. Nyanya na mboga nachukua kila jioni kwenye genge la jirani. Fedha tulizotenga kwa chakula zinaisha tarehe 20. Nilipojaribu kwenda sokoni niliomba njugu nikapewa kitu nisichokijua, kisha nikaulizwa kama nataka nyanya za fungu au za sado, nikashindwa kujibu na kurudi mikono mitupu. Nianzie wapi?
Mama wa Wawili, Kimara

JIBU: Karibu Dar es Salaam, dada yangu, na pole kwa siku hiyo ya sokoni. Nitaanza na swali lililokushinda, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha zako inapotelea hapo. Fungu ni zile nyanya nne au tano zinazopangwa juu ya meza. Sado ni kopo la plastiki lililokuwa la rangi ya nyumba, na sokoni ndicho kipimo cha nyanya, vitunguu, viazi na maharage. Jumamosi iliyopita nilinunua sado moja ya nyanya kwa shilingi 3,000, nikazimwaga kwenye beseni nyumbani na kuzihesabu: zilikuwa 36, mbili zimepondeka. Genge la mtaani kwetu linauza nne kwa shilingi 500, kwa hiyo nyanya hizo hizo zingenigharimu 4,500 kama ningezichukua jioni baada ya jioni. Kabla sado haijajazwa, litazame kopo lenyewe kitako, maana yapo yaliyobonyezwa kwa ndani ili yabebe kidogo. Kwa vitu vya kupima kwa kilo, angalia kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo, na usione haya kuiulizia.

Simlaumu mama wa genge hata kidogo. Yeye hudamka alfajiri, hulipa nauli na mbebaji, na fungu lake ndilo linalomwezesha anayelipwa kwa siku kupika usiku huo. Mchicha, matembele na majani ya maboga endelea kununua kwake, kwa kuwa mboga za majani hazikai. Jambo la kuacha ni kununua kwa fungu vile vinavyoweza kukaa wiki nzima, na vilevile mafuta ya kupima dukani kila siku ilhali unaweza kununua dumu la lita 5 mara moja.

Kuhusu majina, usijione mjinga. Njugu zenu hapa ni karanga, na ulichopewa bila shaka ni njugu mawe. Minji ni njegere, dania ni giligilani, na ukiomba ndengu utapewa dengu, ambazo ni kitu kingine kabisa. Unachotaka kinaitwa choroko.

Mchele na maharage ningekushauri uvifuate Tandale, kwenye soko la nafaka, ambako utaona mchele wa Kyela na wa Shinyanga umemwagwa mbele yako, ukauchota kiganjani na kutazama kama una chenga au mawe. Wakati mzuri wa kuweka akiba ni baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi, kwani miezi ya mwanzo wa mwaka bei hupanda. Badala ya sembe ya pakiti, nunua mahindi, yachambue na uyapeleke mashineni yasagwe dona. Ni nafuu, na watoto hushiba vizuri zaidi. Ndizi na matunda yapo Mabibo, katika soko wanaloliita Mahakama ya Ndizi, na mkungu mmoja mnaweza kugawana na jirani. Kwa viungo na dagaa wakavu, Kariakoo.

Samaki ndio ninaowasisitiza, kwa sababu kutoka Kimara una bahati: mwendokasi unakushusha Kivukoni, na soko la Feri liko karibu na hapo. Asubuhi kuna mnada, na wanaoshindana pale ni wachuuzi wanaonunua kwa wingi, hivyo usijiingize. Subiri upungue, kisha nunua kwa rejareja vibua au changu, na uwape waparaji wa hapo hapo wakuparie na kukukatia vipande kwa ujira mdogo. Wakati wa upepo wa kusi bahari huchafuka na samaki hupanda bei; dagaa nao huadimika mbalamwezi inapokuwa kali, kwa kuwa huvuliwa kwa taa. Nenda na kikapu na ndoo yenye mfuniko, maana mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Supamaketi usiiache kabisa, ila ibakize kwa vichache usivyovipata kwingine.

Lafudhi yako isikutie hofu. Salimia kwanza, uliza bei kwa watu watatu kabla ya kununua, na ukitajiwa bei kubwa sema tu, "Nipunguzie, mama, nitarudi," kisha urudi kweli kwa huyo huyo, kwa sababu mteja wa kila wiki huongezewa. Na kwa safari ya kwanza usiende peke yako. Mwulize mama wa genge lako yeye hununulia wapi na huondoka saa ngapi, umwombe akupitie.