Kabla Hujafunga Kadi ya Mkopo, Hakikisha Hakuna Deni Lililobaki Nyuma

Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu kufunga kadi ya mkopo umetoka Marekani, na watu wa Kampala wanauchukua kama ulivyo: usifunge kadi, alama zako zitashuka. Kwao maneno hayo yana msingi. Alama za FICO, ambazo wakopeshaji wengi wa kule hutumia kumpima mkopaji, hupimwa kwa mambo matano. Namna unavyolipa ina asilimia 35, kiasi unachodaiwa 30, umri wa akaunti 15, mikopo mipya 10, na aina za mikopo uliyo nayo 10. Kufunga kadi hugusa kwanza hiyo 30. Chukua mtu mwenye kadi mbili, moja ya kikomo cha dola 2,000 na nyingine 3,000, naye anadaiwa dola 1,000. Ametumia asilimia 20 ya kikomo chote. Akifunga ile ya 3,000, deni ni lilelile lakini sasa ametumia asilimia 50. Hajakopa hata senti, ila kwenye hesabu anaonekana amebanwa. Umri wa akaunti, kwa upande mwingine, unaogopwa kupita kiasi: kadi iliyofungwa bila doa hukaa kwenye ripoti ya kule hadi miaka 10, na FICO huendelea kuuhesabu umri wake.

Uganda hofu yako iwe kwingine. CRB ya kwanza, yaani ofisi inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, ilianza kazi hapa mwaka 2008 chini ya Benki Kuu, na benki hutazama ripoti yako kabla ya kukupa mkopo. Afisa mikopo anataka kujua ulikopa wapi, kiasi gani, ulilipaje, na kama ulichelewa, ulichelewa siku ngapi. Akikuta kadi imefungwa na salio ni sifuri, hana neno. Kinachowaangusha watu ni kadi waliyodhani wameifunga.

Tazama inavyotokea. Stetimenti ya tarehe 5 inaonyesha unadaiwa shilingi 800,000. Unalipa zote tarehe 25, unakata kadi kwa mkasi, unaona umemaliza. Lakini kama ulikuwa umebeba deni kutoka mwezi uliopita, riba iliendelea kutembea kwa siku zile 20. Kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 16,000. Stetimenti inayofuata inakwenda kwenye barua pepe usiyoifungua tena. Juu yake inaongezeka adhabu ya kuchelewa, kisha pengine ada ya mwaka. Zikipita siku 90, benki inauhesabu mkopo huo kuwa chechefu, yaani usiolipwa ipasavyo, na mwanzo wake ni fedha ya kununulia rolex (chapati ya mayai) chache tu kando ya barabara. Utayajua hayo siku unapoomba mkopo wa mshahara au wa kununua kiwanja Mukono.

Kwa hiyo anza mapema, mwezi mmoja kabla. Ondoa kadi kwenye kila huduma inayojikata yenyewe: filamu za mtandaoni, hifadhi ya picha, matangazo ya biashara, programu za usafiri. Hizo ndizo hufufua akaunti. Acha kuitumia kabisa, kwa sababu malipo ya hoteli na maduka ya nje huweza kuchelewa siku kadhaa kabla ya kuingia, na kama ni ya dola, kiasi cha shilingi hubadilika kwa kiwango cha siku ile.

Halafu nenda tawini uombe kiasi cha kumalizia deni, kikiwa na tarehe, kwa maandishi. Salio unaloliona kwenye simu halitoshi, maana riba ya siku zilizobaki huenda haijaingizwa. Lipa kabla tarehe hiyo haijapita, risiti uitunze. Barua ya kufunga iwe na namba ya akaunti, tarakimu nne za mwisho za kadi na NIN yako (namba ya kitambulisho cha taifa), na itaje pia kadi ya ziada kama mwenzi wako anayo. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Kama kadi ilitolewa kwa dhamana ya akiba yako, andika humohumo kwamba unataka akiba hiyo iachiliwe. Usipoomba, inaweza kuendelea kushikiliwa.

Subiri stetimenti moja zaidi. Ikija sifuri, omba barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi. Barua hii tunaisisitiza kuliko kitu kingine chochote hapa.

Je, ufunge au usifunge? Kama ada ya mwaka inakula bure, funga. Kama kishawishi cha kutumia ndicho tatizo, unaweza kuomba kikomo kishushwe. Ila kama uko katikati ya kuomba mkopo mkubwa, muulize kwanza afisa anayekushughulikia: wengine huhesabu kikomo kisichotumika kama deni linaloweza kuja, na huyo atafurahi ukikifunga, mwingine atapenda aone malipo yako ya kadi yakiendelea.

Baada ya siku 60 hivi, omba ripoti yako ya CRB. Tafuta mstari wa kadi hiyo: hali iandikwe imefungwa, salio sifuri, siku za kuchelewa sifuri. Ikiwa bado iko wazi, peleka malalamiko ya maandishi kwa benki na kwa CRB yenyewe, ukiambatanisha ile barua na risiti. CRB huonyesha kilichotumwa na benki, hivyo marekebisho lazima yaanzie benki.