Jibu kwa ndugu aliyeacha ugali: mimi nauza ugali, na nina sukari

Ndugu uliyeandika hapa kundini juzi: una miaka 43, ulipimwa sukari ya damu asubuhi hujala ukapatikana na 12.6 (mmol/L), ukapewa dawa ya kisukari iitwayo metformin na tembe nyingine ndogo ambayo jina umelisahau. Sasa umeacha ugali kabisa, unashindia uji wa wimbi na nduma, na kila alfajiri unakimbia mtaa mzima wa Umoja kabla ya kutia chochote tumboni. Unauliza kama ukiendelea hivyo miezi mitatu utaweza kutupa dawa. Nitafika hapo. Lakini hiyo tembe ndogo ndiyo imenikalisha chini niandike, kwa hivyo nivumilie, maana mimi nikianza sijui kufupisha.

Mimi ni mama wa kibanda. Nina miaka 17 Industrial Area, Nairobi, nikiwapikia watu wa viwanda ugali, chapati, ndengu, maharagwe na chai. Sukari yangu ilijulikana 2019, ila ishara zilikuwepo mwaka mzima nikawa nazipa majina mengine. Kiu niliita joto la jiko. Kuamka mara nne usiku kwenda haja ndogo niliita uzee. Kidole nilichojikata na kisu kilikataa kupona wiki tano, nikasema ni maji ya kuosha vyombo. Muwasho kule chini, na wanawake wenzangu wanajua ninachosema, niliununulia dawa ya kupaka mara tatu. Wateja nao wakaanza kunisifu: "Mama, umepungua, tuambie siri." Siri ilikuwa 19.4 kwenye mashine ya kupima sukari. Kile kipimo cha HbA1c, wanachokiita cha miezi mitatu, kikasoma asilimia 10.8, na ugonjwa huhesabiwa kuanzia 6.5. Daktari alinieleza kwamba sukari hujishika kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi kama siku 120, kwa hivyo kujinyima siku mbili kabla ya kliniki hakuzihadai. Nilicheka, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimepanga kufanya.

Mimi pia nilipewa mbili, metformin na glibenclamide. Nikarudi nyumbani nikaapa: ugali basi, chapati basi. Wiki ya pili nikaamkia soko la Marikiti kama kawaida, nimemeza zote mbili na chai ya rangi isiyo na kitu. Nikazunguka nikinunua vitunguu na sukuma, nikaupakia mzigo kwenye mkokoteni, nikasema leo narudi nyumbani Jericho kwa miguu niwe nimefanya mazoezi. Sikupita Muthurwa. Mikono ilianza kutetemeka, jasho baridi likanitoka, nikamfokea mwenye mkokoteni bila sababu yoyote, na mimi si mtu wa kufoka. Halafu maneno yakawa yanatoka kama ya mlevi. Aliyeniokoa ni mama wa mitumba ambaye mumewe ana ugonjwa huu. Alinikalisha juu ya gunia, akanishikisha soda, akanikataza kuinuka. Wengine walikuwa wanapita wakisema mama mzima amelewa asubuhi.

Kliniki ndipo nilipofahamu. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kukuangusha hivyo. Glibenclamide na ndugu zake hulisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Mimi nilikuwa nimepunguza chakula, nimeongeza kutembea, na tembe imebaki palepale. Wewe unafanya yaleyale, tena unakimbia, na hiyo tembe yako ndogo huenda ni ya jamii hii. Kwa hivyo kabla ya kitu kingine, angalia pakiti ya hiyo tembe, mpigie daktari au urudi kliniki, umwambie kwamba umebadilisha chakula na umeanza mazoezi. Usiiache kivyako. Hadi mmeongea, usikimbie tumbo tupu, na utembee na sukari mfukoni. Ukitetemeka, pima. Ikiwa chini ya 4, kunywa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya mililita 300 (iwe ile yenye sukari), subiri dakika 15, pima tena, kama haijapanda rudia. Ikipanda, kula chakula. Na kama huna mashine karibu, kunywa kwanza, maswali baadaye.

Sasa ugali. Mimi niupike miaka 17 halafu nije kuambiwa ni sumu? Tatizo lilikuwa kipimo chetu. Kwangu kilo moja ya unga hulisha watu watano. Hizo ni gramu 200 za unga kwa mtu, na karibu robo tatu ya unga ni wanga, yaani gramu 150 hivi kwenye sahani moja. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, kwa hivyo wanga huo ukigeuka sukari ni kama vijiko 37. Binti yangu, anayesomea uuguzi, alipiga hiyo hesabu mbele yangu nikanyamaza kama niliyefiwa. Chapati nazo: pakiti ya kilo 2 hunitolea 24, kwa hivyo kila moja ina wanga unaopita gramu 60, na mafuta juu yake. Na ni nani Nairobi hii hula chapati moja?

Wimbi lako pia nimelipitia. Nilinunua, nikasaga, nikawa nanywa vikombe viwili vikubwa asubuhi nikijiona nimeokoka. Saa mbili baadaye mashine ilisoma 14. Wimbi ni zuri, lina nyuzinyuzi kuliko unga mweupe, lakini bado ni wanga, na ukilisaga laini, ukalipika, ukalinywa, tumbo halina kazi ya kufanya, sukari inakimbilia damuni. Nduma vilevile: vipande viwili ni chakula, sahani nzima ni ugali uliobadilisha jina.

Mtaalamu wa lishe hakunipa orodha ya vilivyokatazwa. Alichukua sahani tupu akaigawa kwa kidole: nusu mboga, robo maharagwe au samaki au nyama au mayai, robo ya mwisho ndiyo ya ugali, wali, chapati au viazi. Nikaona ni sahani yangu ya kibandani imepinduliwa. Mteja wangu hupata mlima wa ugali na sukuma kidogo pembeni ya kusukumia. Mimi siku hizi nala mlima wa sukuma, au managu, au kabeji, na ugali wa ukubwa wa ngumi yangu. Naanza na mboga na omena, ugali unakuja mwisho. Mpangilio huo peke yake unapunguza ule mruko wa sukari baada ya kula, na hauna gharama.

Halafu nikaanza kuzipima sahani zangu. Vijiti vya mashine si vya bei rahisi, kwa hivyo sipimi kila mlo, nachagua sahani moja kwa wiki: napima kabla ya kula, nakula, napima saa mbili tangu nilipoanza. Daktari aliniwekea kabla ya kula niwe kati ya 4.4 na 7.2, na baada ya hapo nisipite 10. Yako huenda ikawa tofauti, muulize. Chapati mbili kwa maharagwe zilinitoa 7.1 hadi 13.8. Chapati moja, maharagwe mara mbili na kabeji nyingi: 9.9. Ugali wa ngumi kwa omena na sukuma: 9.2. Githeri ndilo lililonishangaza. Githeri la kununua, ambalo ni mahindi yakiwa na maharagwe ya kuhesabu, lilinipeleka 12. Nikapika langu, gorogoro mbili za maharagwe kwa moja ya mahindi, nikatia karoti na terere, sikupita 9. Namba hizi ni za mwili wangu, usizibebe kama amri. Wewe pima zako uandike kwa daftari, ukienda kliniki na hilo daftari utaongeleshwa tofauti kabisa.

Kitu ambacho hakuna aliyeniuliza, na nadhani kiliniharibu kuliko ugali, ni kuonja. Mpishi haketi kula. Ncha ya chapati hapa, kijiko cha mchuzi pale, andazi lililovunjika ambalo haliuziki, chai nusu kikombe kila mteja akija kupiga gumzo, na chai yangu ilikuwa inapikwa na sukari ndani. Siku moja kila nilichotaka kuonja nilikitia kwenye bakuli badala ya mdomo. Saa nane bakuli lilikuwa limejaa. Sasa msichana wangu ndiye anaonja, na sukari iko mezani kwa mkebe, kila mtu ajitilie. Matunda nakula: nusu embe, au chungwa moja, lakini si juisi. Na parachichi, ambalo watu huliogopa bure, sukari yake ni kidogo sana.

Kuhusu mazoezi nilimjibu nesi kwa kiburi kwamba mimi hukaa chini usiku tu. Akaniuliza, "Mama, unasimama au unatembea?" Nilikuwa nasimama mbele ya jiko saa kumi kwa siku, miguu imevimba, na nikiita hiyo kazi ya mwili. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwa damu hata pale insulini inapokuwa haisikizwi vizuri. Msuli uliosimama hauvuti sana. Wanaotuma picha za msitu wa Karura hapa kila Jumamosi, hongereni, ni pazuri, lakini mimi sina nauli ya kwenda kutembea. Wateja wakiisha mnamo saa nane na nusu nakula, naacha vyombo kwa maji, nazunguka viwanda dakika 20. Jioni narudi Jericho kwa miguu badala ya matatu. Wanasema angalau dakika 150 kwa wiki, na kwa namna hii nazipita bila kununua nguo ya mazoezi. Ile sahani ya ugali ya 9.2, nilipoila siku nyingine nikatembea hizo dakika 20, ilisoma 7.9. Kwa hivyo kama una nafasi moja tu kwa siku, mimi ningeihamisha hiyo mbio yako ya alfajiri iwe matembezi baada ya mlo mkubwa. Tena usalama wa alfajiri ya Eastlands mnaujua wenyewe. Mara tatu kwa wiki nanyanyua mitungi ya maji, kumi kumi, kwa sababu daktari alisema misuli pia inataka uzito.

Viatu, tafadhali. Nilianza kutembea na ndala, nikatoka lengelenge ambalo sikulisikia, lilikaa miezi miwili. Miguu yetu hufa ganzi polepole. Kila usiku naangalia nyayo na katikati ya vidole, na macho na figo nachunguzwa mara moja kwa mwaka.

Dawa, basi. Waingereza walifanya utafiti uitwao DiRECT, matokeo ya kwanza yakatoka 2017. Walichukua watu wanene wenye kisukari cha aina ya pili ambao hawajamaliza miaka sita nacho na hawako kwa insulini. Wakasimamishwa dawa za sukari na madaktari wao, wakalishwa vinywaji maalum vya kalori zisizofika 900 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, kisha chakula kikarudishwa kidogo kidogo. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na HbA1c iliyo chini ya 6.5 bila dawa. Waliopunguza kilo 15 au zaidi, asilimia 86. Baada ya miaka miwili jumla ilishuka hadi asilimia 36, maana uzito ukirudi, sukari nayo inarudi. Kwa hivyo kwako wewe, uliyegunduliwa juzi, inawezekana, hasa kama una kilo za kupunguza. Lakini wale walikuwa mikononi mwa watu wanaowapima, na hata waliofaulu hawaambiwi wamepona, wanaendelea kupimwa. Mimi nilitoka kilo 91 hadi 79 kwa mwaka na nusu. Glibenclamide daktari aliikata nusu, kisha akaiondoa. HbA1c yangu ya mwisho ni 6.6. Metformin bado nameza, nikishakula, na siioni aibu.

Zile karatasi za kwenye nguzo za stima zinazosema kisukari kinapona kwa siku 21, nilizinunulia unga wake mara moja, nikaacha tembe, nikarudi 16. Hayo tu.

Watu wawili wa kiwandani wana sukari kama sisi. Wakija huniambia "mama, ile yetu," msichana anawapakulia mboga kwanza. Bei ni ileile, mmoja hulalamika kila siku kwamba ugali ni mdogo.

Wewe ukifika nyumbani leo tafuta hiyo pakiti, uandike jina la tembe hapa. Nitaangalia usiku nikifunga, kabla hujatoka kukimbia tena.