Fundi wa Gitaa Anajibu: Kabla ya Kununua Bloku, Chunguza Kingo

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mpigaji wa gitaa la solo katika bendi ndogo hapa Mbagala. Gitaa langu nililinunua mtumba, nalo lina briji ya tremolo ya kufunga (ile inayozibana nyuzi kwa skrubu na kuyumba ukibonyeza mkono wake wa chuma), ya mtindo wa Floyd Rose lakini si Floyd Rose yenyewe. Kila nikibonyeza mkono huo na kuuachia, nyuzi zote sita hurudi zikiwa chini kidogo ya tuni. Wenzangu wamenishauri ning'oe bloku iliyopo, yaani kile kipande kinene cha chuma kilicho chini ya briji na kushikwa na springi, niweke nzito ya brasi, pamoja na viti vya titani ambavyo nyuzi hukalia kwenye briji, wakisema sauti itajaa na tuni itatulia. Akiba ninayo. Nianze na kipi? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Akiba hiyo iache kwanza mahali ilipo, kwa sababu katika barua yako umekwishataja ugonjwa wenyewe bila kujua. Umesema nyuzi zote sita hurudi chini kwa pamoja. Uzi mmoja ungekuwa unapotea peke yake, ningekuambia utazame kiti chake na skrubu inayoubana. Zingekuwa mbili zinazokaa jirani, ningekutuma kwenye kibano cha nyuzi kilicho mwisho wa shingo, maana kila kipande kati ya vipande vyake vitatu hubana nyuzi mbili. Zinapopotea zote na kwa upande mmoja, kinachogoma kurudi mahali pake ni briji yenyewe, na briji ya aina hii husimama juu ya sehemu mbili tu, yaani zile kingo mbili kali za bamba lake la chini zinazoegemea nguzo mbili zilizozamishwa kwenye mwili wa gitaa.

Hapo ndipo ulipo ufundi wote wa tremolo hii, ambayo Floyd Rose wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1979. Nyuzi huivuta briji kuelekea shingoni, springi zilizo mgongoni huivuta kinyume, na briji huelea katikati ya nguvu hizo mbili. Nguvu hizo si ndogo: seti ya nyuzi inayoanzia namba 9 hadi 42 (unene wa uzi kwa sehemu za elfu za inchi), ikitunizwa kwa kawaida kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa inchi 25.5, huvuta takriban kilo 38, na seti ya 10 hadi 46 hukaribia kilo 47. Mzigo wote huo hukaa kwenye kingo mbili nyembamba. Kingo zikiwa kali na ngumu, briji hurudi palepale ilipotoka; zikiwa zimelika, husuguana na nguzo na kusimama kabla ya kufika nyumbani. Ukibonyeza mkono, nyuzi zitabaki chini ya tuni; ukiuvuta juu na kuuachia, zitabaki juu. Fanya jaribio hilo leo jioni ukitumia kipima tuni cha kwenye simu, kwanza kwa kubonyeza kisha kwa kuvuta, na uandike unachokiona. Matokeo yakitofautiana kwa namna hiyo, huna sababu ya kubahatisha tena.

Wiki chache zilizopita kijana mmoja aliniletea briji yenye tatizo kama lako. Nilipoitoa na kuitazama kwa lenzi chini ya taa, ukingo wa upande wa nyuzi nene ulikuwa na pengo dogo lenye umbo la mwezi mchanga, na nguzo yake ilikuwa na mfereji unaolingana kabisa na pengo hilo, kama kinu na mchi vilivyozoeana kwa miaka. Bamba lilikuwa la chuma laini. Mwenye gitaa alikuwa na mazoea ya kupandisha na kushusha nguzo kwa spana wakati nyuzi zimekazwa, na kila alipozungusha, nguzo ilikuwa ikiukwangua ukingo. Nakuomba sana usifanye hivyo kamwe: legeza nyuzi kwanza, zungusha nguzo, kisha kaza upya.

Sasa kuhusu hiyo bloku. Sina ugomvi nayo. Bloku za bei nafuu huwa za zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, ambayo uzito wake ni kama gramu 6.6 kwa kila sentimita moja ya ujazo, wakati brasi hufikia kama gramu 8.5, kwa hiyo bloku ya ukubwa uleule huwa nzito zaidi, na wapigaji wengi husema sauti hudumu kwa muda mrefu zaidi. Hata mimi nimeisikia tofauti hiyo katika magitaa kadhaa, ingawa si kubwa kama inavyosimuliwa vijiweni. Lakini bloku haigusi nguzo. Ukifunga brasi chini ya bamba lililolika, utakuwa na sauti nene iliyo nje ya tuni, na jambo hilo linaniuma, kwa kuwa nimewaona vijana wakimalizia akiba yao hapo. Viti vya titani navyo viweke mwisho kabisa wa orodha yako.

Fedha yako iende kwenye bamba na nguzo, na kwa kuwa bamba lako si la asili, mara nyingi njia ya busara ni kubadilisha briji nzima. Floyd Rose ya asili hutengenezwa Ujerumani. Ile inayoitwa 1000 Series hutengenezwa Korea Kusini nayo ni nafuu zaidi. Na ile iitwayo Special ina viti na bloku za zinki. Kwa kipato cha bendi ndogo, mimi ningechagua 1000 Series, pamoja na nguzo zake mpya, maana nguzo yenye mfereji itaula hata ukingo mpya. Wapo mafundi wa vyuma watakaojitolea kukunolea kingo za zamani kwa jiwe. Kazi hiyo inawezekana, lakini bamba lililotiwa ugumu juujuu likishanolewa hubaki laini, na baada ya miezi kadhaa utarudi ulipokuwa.

Kabla ya kuagiza, pima. Umbali kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nyingine katika Floyd Rose ya asili ni milimita 74 na nukta chache, lakini nakala nyingi hazifuati kipimo hicho, na matundu ya nguzo yakishatoboliwa kwenye mbao hayasogezwi kirahisi. Pima pia kina cha bloku yako ya sasa, kwa kuwa zipo za milimita 32, 37 na 42, na iliyo ndefu kupita kiasi itatokeza nje ya mgongo wa gitaa. Mwisho shika kila nguzo kwa vidole na uitikise. Ikicheza ndani ya mbao, hapo pana kazi ya seremala kabla ya kazi ya briji, na ukiipuuza, hata briji ya Ujerumani haitakusaidia.

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naishi Kigamboni, karibu na bahari, na skrubu za briji yangu zimeanza kushika kutu ingawa gitaa nalifunika kila siku. Nifanyeje? (Dada mpiga gitaa, Kigamboni)

JIBU: Nzuri, dada yangu. Kufunika hakutoshi, kwa kuwa hewa yenye chumvi hupita, na jasho la kiganja ndilo humalizia kazi. Kila ukimaliza kupiga, futa briji kwa kitambaa kikavu cha pamba. Mara moja kwa mwezi chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye mafuta ya cherehani, uguse kila skrubu na mahali kingo zinapokutana na nguzo. Tone moja linatosha, likizidi hukusanya vumbi. Ndani ya mfuko wa gitaa weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu. Skrubu iliyokwisha kushika kutu usiilazimishe kwa spana iliyochakaa, kwani ukikwangua tundu lake la pembe sita, kuitoa itakuwa kazi ya kutwa nzima. Skrubu za kubana nyuzi hutumia spana ya milimita 3. Nunua iliyo mpya, yenye kona kali. Wala usikaze kwa hasira, hasa kama viti ni vya zinki, kwa sababu hupasuka.

SWALI: Fundi, napiga gitaa kanisani Tabata. Mwimbaji wetu huomba tushushe nusu toni katika baadhi ya ibada. Nikilegeza uzi mmoja, mwingine unapanda, na nusu saa inaisha sijamaliza. Kuna namna? (Mpiga gitaa wa kwaya, Tabata)

JIBU: Ipo, ndugu yangu, na ni ya bei ndogo. Ukilegeza uzi, springi hupata nguvu na kuirudisha briji nyuma, na hapo nyuzi nyingine hukazika. Fungua kifuniko cha mgongoni, chonga kipande cha mninga kinachoenea sawasawa kati ya bloku na ukuta wa upande wa springi, yaani upande wa shingoni, wakati gitaa liko kwenye tuni ya kawaida na bamba liko sambamba na mwili. Kisha kaza skrubu mbili zinazoshikilia springi, nusu mzunguko kila moja, ili bloku iukandamize ubao. Tangu hapo briji haitarudi nyuma tena: utaweza kubonyeza mkono lakini si kuuvuta, na hata uzi ukikatika katikati ya wimbo, nyingine tano zitabaki kwenye tuni. Usikigundishe kipande hicho kwa gundi. Kikate kikaze chenyewe, ili siku ukitaka briji ielee tena ukitoe kwa vidole. Kumbuka kufungua kibano cha shingoni kabla ya kushusha tuni kwa vigingi, maana zile skrubu ndogo za kurekebishia tuni kwenye briji hazina nafasi ya kutosha kushusha nusu toni kwa nyuzi zote.