Faili la Kiturkmeni linatoka viboksi, nifanyeje?

SWALI: Mteja kanitumia maandishi ya Kiturkmeni (lugha ya Turkmenistan) niyapange kwenye brosha. Nikaseti lugha Kituruki nikijua ni kile kile, sasa herufi zingine zinatoka viboksi na kila I kubwa kwenye vichwa ina nukta juu. Nina jamaa anajua Kituruki, anaweza kunipitishia?

JIBU: Pole ndugu, hapo kwenye kuseti ndo ulipojichoma. Hizo lugha ni ndugu kweli, tawi moja liitwalo Oghuz, pamoja na Kiazeri cha Azerbaijan, ila kwenye kuandika kila mtu na kwake. Waturkmeni walikuwa na herufi za Kiarabu, mwisho wa miaka ya 1920 wakapewa za Kilatini, 1940 wakahamishiwa za Kirusi, halafu 1993 wakarudi Kilatini, na toleo la kwanza alama ya dola ilikuwa ndo Ş kubwa, sikutanii kabisa. Leo wana herufi 30.

Sasa viboksi: ň, ž na ý hazimo kwenye enkodingi (ile orodha ya herufi ambayo kompyuta inasomea faili) ya Kituruki ya Windows, namba 1254. Kama faili ni la zamani jaribu kulifungua kwa 1250, ile ya Ulaya ya Kati, zote zimo, kisha lisevu kwa UTF-8, enkodingi yenye herufi za lugha zote, zikigoma tena basi badili fonti. Kodi ya lugha weka tk, sio tr, na I yenye nukta itapotea yenyewe maana Kiturkmeni hakina hiyo herufi.

Jamaa yako mi nisingempa. Y ya Kituruki ni kama ya kwetu kwenye yai, lakini Kiturkmeni sauti hiyo wanaiandika ý na y tupu ni irabu, yaani njia ni yol kwa Mturuki na ýol kwa Mturkmeni, msichana ni kız na gyz. Ataona vialama ni uchafu, avifute! Na kuna at, ukiivuta ni jina, ukiikata ni farasi, na kwenye karatasi zinafanana (s na z nazo wanazitamka kama th na dh zetu, hiyo ni ladha tu, usiihangaikie). Wewe mwenyewe utatambua kitap, habar, wagt, dünýä, Kiarabu kilipita kote, ila usijione umeshaijua lugha.

Tafuta Mturkmeni apitie, na kabla hujalipa mtu muulize mteja brosha inaenda wapi, maana wa Iran na Afghanistan wanatumia herufi za Kiarabu, na wanaoitwa Waturkmeni kule Iraki lahaja yao iko karibu zaidi na Kiazeri.